Kaburi la Kona ya Uwanja wa Ndege

Mmeniuliza sana, na kila mmoja nimempa kipande tu. Mwanaisha nimempa habari ya feri, Mama Salma habari ya samaki, na wengine nimewaambia nina uchovu wa safari. Sasa naandika yote mara moja, maana tangu nirudi bado moyo unanipasuka mtu akipiga hodi. Jina la kijiji sitalitaja na majina ya watu wa huko nimeyageuza. Mkifika mwisho mtajua kwa nini, na nawaomba kwa hisani yenu habari hii isivuke ziwa.

KALOLENI

Baba yangu, Mzee Idi, mnamjua. Nusu ya nyasi za mtaa huu zimefyekwa na mkono wake, kabla miguu haijamkataa. Ni Mjaluo wa ng'ambo ya ziwa aliyesilimu ujanani, akamwoa mama yangu hapa hapa Kaloleni, Kisumu. Zaidi ya hapo hatukuwahi kuambiwa. Tukimuuliza habari za kwao alisema, "Kwetu waliisha," na marehemu mama alitukanyaga vidole chini ya meza ili tunyamaze.

Asubuhi moja redio ya Kijaluo ilitangaza kwamba huko ng'ambo, mbele ya Mbita, kuna uwanja mdogo wa ndege wa nyasi ambao utapanuliwa na kumwagwa murram, ule udongo mwekundu wa barabara. Mwenye kaburi kando ya uwanja alitakiwa ajitokeze kabla trekta haijaanza. Baba akazima redio. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Siku ya tatu akaniita uani.

"Zuhura, wewe utaenda ng'ambo," akasema. "Kuna kaburi moja kwa kona ya hiyo uwanja, upande wa ziwa. Nataka kujua watafanya hiyo kaburi nini. Angalia tu, urudi uniambie."

"Kaburi la nani, Baba?"

"Angalia tu. Na wakiuliza wewe ni mtoto wa nani, sema wa Kisumu."

Mnajua mdomo wangu, haujui kufungwa. Lakini nilimtazama usoni nikaona anaogopa. Sijawahi kumwona baba yangu akiogopa, hata siku alipomzika mama. Nikaenda kutafuta mwavuli wangu.

MPAKA LUANDA KOTIENO

Nilitoka Ijumaa, na huo ulikuwa ujinga wangu, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku maiti zinatoka mochari kwenda makwao. Kabla ya kufika Bondo gari letu lilisimama mara tatu kupisha misafara. Dereva alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Kila jeneza lilipopita alizima injini, akavua kofia, akauliza kwa dirisha marehemu ni wa wapi. Mara ya tatu injini ilikataa kuwaka tena, tukateremka kusukuma. Mimi na buibui langu nilisukuma upande wa nyuma, na vumbi lote nikalimeza.

Luanda Kotieno niliwasili adhuhuri, feri haipo. Kijana wa tiketi akasema iko Mbita, imeharibika kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, Mama. Fundi ameingia ndani."

"Ameingia saa ngapi?"

"Jana."

Nikatafuta kivuli. Kulikuwa na mama mnene aliyekuwa akikaanga ngege kwenye karai, harufu yake ingemfufua mgonjwa. Nilipokaa kwenye benchi lake alilitazama buibui langu jeusi juu hadi chini, akaweka kijiko kando, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mos, nyar Kisumo," akasema. Mos ndiyo pole yao, na nyar Kisumo ni binti wa Kisumu. "Unaenda matanga ya nani?"

"Siendi matanga, Mama. Hii ni nguo yangu ya kila siku."

"Ee, najua. Mwanzo mtu hawezi kukubali. Kula, usitembee na kilio kwa tumbo tupu."

Nikaapa kwa Mungu sina maiti. Yeye akanichagulia samaki mkubwa kuliko wote, akaongeza ugali ambao sikuuagiza, na akawaambia wateja wengine wapunguze kelele kwa sababu nimefiwa. Wanaume wawili wakanyamaza kweli. Nikala nikiwa na hasira, lakini samaki yule, jamani, nilimaliza hadi macho.

KIVUKO

Feri ilikuja saa kumi, imejaa mbuzi na magunia ya dagaa wa omena, na fundi mwenyewe amesimama mbele na bisibisi mkononi kama askari. Nilikaa karibu na mzee mmoja mchuuzi wa kamba. Nilipomwambia naenda kuona uwanja wa ndege alicheka mpaka akakohoa.

"Pap? Hiyo tunaita Pap tu, uwanja. Sasa iko ndege huko, Mama? Iko ng'ombe!"

Lakini akanieleza kwamba zamani haikuwa mchezo. Wenyeji waliing'oa miti kwa jembe na shoka, wanawake wakabeba mawe kichwani, wakayapaka chokaa na kuyapanga kandokando ili rubani aone mpaka. Ndege ya wamisheni ilikuwa ikileta dawa na kuchukua wagonjwa. Baadaye zikaja za watalii wa kuvua mbuta, nazo zikapungua. Nikamuuliza kama anajua kaburi la kwenye kona. Akaacha kucheka.

"Hiyo ni ya mtu wa nyasi," akasema. "Mambo ya wenyewe hiyo. Uliza wenyewe."

Tulifika Mbita jua likizama, nikalala kwa nyumba ya wageni yenye mbu wasio na haya.

MBITA HADI PAP

Asubuhi nilipata pikipiki ya bwana mmoja aitwaye Tito, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyeendesha huku amegeuza shingo ili anisimulie. Nilimwomba mara kadhaa atazame mbele.

"Mama, ndege ya Pap haiwezi kushuka tu hivi hivi," alipiga kelele juu ya upepo. "Inazunguka mara moja, hiyo ni kusema toeni ng'ombe. Mzee Okelo anapuliza filimbi, anakimbia. Ikizunguka mara ya pili, inauliza, Okelo, umetoa kweli? Ya tatu ndiyo inashuka!"

"Na Okelo bado anakimbia?"

"Sasa anapuliza tu. Miguu imezeeka. Ng'ombe yenyewe inajua."

Kisha njia ikafunguka na uwanja ukatokea mbele yetu, umenyooka kuelekea ziwani. Nyasi zilikuwa fupi, zimefyekwa kwa mkono, nilijua mara moja kwa kuwa nimekulia kwenye nyumba ya mfyekaji. Mawe meupe yalikuwa bado kwenye mistari yake. Kwenye mlingoti ilining'inia ile soksi ya kuonyesha upepo, imeshonwa kwa mikono miwili ya shati. Mwisho kabisa, kwenye kona ya upande wa ziwa, kulikuwa na watu wengi na majembe.

PAP

Niliposhuka kwenye pikipiki na mwavuli, daftari na miwani yangu ya kusomea, wote waligeuka. Mwanamume wa makamo akaja mbio kunipokea. "Karibu Madam, tulikuwa tunangojea ofisi!" Walidhani nimetumwa na wakubwa wa barabara kuhakiki makaburi. Nilifungua mdomo kukanusha, nikakumbuka Baba alisema niangalie tu. Nikaufunga. Mungu anisamehe, nilikaa kwenye kiti nilichopewa na nikaandika tarehe kwenye daftari kama mtu wa ofisi.

Yule wa makamo alijitambulisha. "Mimi naitwa Barak. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu hapa. Tuko watano." Nikamwangalia. Alikuwa na miaka kama yangu, arobaini na kitu.

"Marehemu alifariki lini?" nikauliza kiofisi.

"Ee, zamani sana. Mimi sikuwa nimezaliwa. Hata baada ya yeye kwenda, ilipita kama miaka tano ndio nikazaliwa."

Kalamu ilinisimama mkononi. Barak akaniona nimetoa macho, akacheka kwa upole. Akanifafanulia kwamba mume akifa, ndugu yake humchukua mjane, na watoto watakaozaliwa huitwa wa yule aliye kaburini. Aliyewazaa yeye na wenzake ni Mzee Okelo, mdogo wa marehemu. Baba yao ni marehemu. Alisema hivyo bila shida yoyote, kama mtu anayekueleza njia ya sokoni.

Okelo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na kaburi, mzee mwembamba, filimbi shingoni kwa uzi wa kiatu. Aliniita kwa mkono.

"Madam, ofisi inaweza kusema hakuna mtu hapa," akasema. "Kwa hivyo nimeleta ushahidi." Akatoa picha kwenye mfuko wa nailoni, ya zamani, kona zimeliwa. "Huyu ndiye ndugu yangu mkubwa, Ochieng. Ndiye alikata nyasi ya hapa kwanza. Hiyo kazi yote najua, yeye ndiye alifunza mimi."

Nikaivaa miwani vizuri. Kijana alisimama mbele ya ndege ndogo, fyekeo begani, kidevu juu. Alikuwa ni kaka yangu Hamisi. Namaanisha uso ulikuwa wa Hamisi, meno ya Hamisi, ule mwanya. Kisha nikaona mkono wa kushoto ulioshika fyekeo, na kidole gumba kilichopinda kwenda nje, kile kidole ambacho mimi nimekikata kucha miaka yote hii kwa sababu Baba mwenyewe hawezi.

Nilikufa ganzi. Nilisikia watu wakisema "Madam, Madam," mmoja akasema nimeshikwa na njaa, mwingine akaleta uji. Nikaunywa bila kujua ni wa moto, ukaniunguza ulimi. Babangu nilimwacha Kaloleni jana alfajiri, ameketi kwenye mkeka, akitafuta tasbihi yake. Sasa kwenye shimo hili kulikuwa na nani?

"Alikufaje?" nikauliza.

"Na ndege, Madam. Alikata nyasi ya ndege miaka tatu, na hajawahi panda hata moja. Siku hiyo akaomba rubani ampeleke Kisumu, arudi kesho yake. Alikuwa ameoa mwaka huo tu. Ndege ikaruka, mvua ilikuwa nyeusi, ikaingia kwa wingu pale, ikanyamaza. Haikurudi. Wavuvi wakaleta kofia yake kutoka kwa maji." Okelo akafuta macho kwa kiganja. "Tulitafuta mwili tukachoka."

Wakati huo shimo lilikuwa limefika kifuani mwa wachimbaji. Familia ilikuwa imeamua wamhamishe ndugu yao ndani ya boma kabla ya trekta, kwa kuwa mtu hawezi kuachwa alale chini ya murram. Nilisimama kwenye ukingo. Nilikuwa nasubiri mfupa. Nilijiuliza mfupa ukitoka nitasema nini, na je, yule niliyemwita Baba maisha yangu yote ni nani. Nikasoma kila sura ninayoijua.

Wakachimba, wakachimba. Ukatoka udongo mwekundu, kisha udongo mweusi, kisha msumari mmoja wa kutu. Mchimbaji akasimama akasema, "Imeisha." Hapakuwa na mfupa hata wa kidole. Na hakuna aliyeshangaa! Watu hamsini wamesimama hapo, kaburi halina mtu, na mama mmoja anagawa chai.

"Yuko wapi?" nikapiga ukelele. "Mtu wenu yuko wapi?"

Barak akanishika kiwiko. "Madam, usiogope. Hapa hakuzikwa mwili. Mtu akipotelea majini na asipatikane, sisi tunazika yago." Akanionyesha mti mbali pembeni ya uwanja, wenye matunda marefu ya kijivu yaliyoning'inia, mazito, marefu kama mkono wa mtu. Wanalichukua tunda hilo, wanalivika nguo zake, wanalilaza na kulilia kama mwili. Tangu siku hiyo mtu amezikwa, yameisha. Yago lilikuwa limeoza zamani na kuwa ule udongo mweusi.

Basi, walimzika baba yangu akiwa tunda. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Waliuweka udongo mweusi kwenye shuka jipya, wakalibeba watu wanne, polepole, kana kwamba ni zito. Okelo alitembea mbele, akiongea na lile shuka kwa Kijaluo, na Kijaluo changu ni cha sokoni lakini hayo niliyaelewa yote. Alisema, "Ndugu yangu, nyumba yako nimeitunza. Watoto wako ni watano, wote wamesoma. Nyasi yako sijaacha ikue hata msimu mmoja. Usinilaumu nikija." Hapo sauti ikamkatika, akalia kwa kelele, mzee mzima, mpaka Barak na mwenzake wakamshika asianguke.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa na haja ya kusema tu, mzee, nyamaza, ndugu yako yu hai. Nikamgeukia Barak, nikamuuliza kama utani, je, mtu aliyezikwa hivyo akirudi mzima itakuwaje?

Uso wake ulibadilika. "Madam, usitaje hiyo hapa. Huyu mzee amekaa na mke wa ndugu yake kwa sababu ndugu yake amekufa. Kama ndugu yake angekuwa hai, hiyo ni chira. Laana. Mzee angekonda akafa, na sisi nyuma yake."

Mimi na nyinyi tunaweza kusema hakuna laana isipokuwa aitakayo Mungu. Lakini nilimtazama Okelo anavyotetemeka nikajua kwamba habari hiyo ingemuua, na haijalishi ingemuua kwa njia gani.

Kwenye boma walimwekea kaburi jipya, mkono wa kulia wa nyumba. Kila mtu alitupa gao la udongo. Kisha wakanigeukia, ofisi nayo itupe. Nikatupa. Nikamfukia baba yangu, niliyemwahidi nitamletea mbuta wa kukaushwa.

MWISHO WA UWANJA

Walinilisha kuku mzima. Nilipoomba ruhusa, mama mmoja mrefu mwenye fimbo alisema atanisindikiza mpaka kwa pikipiki. Asubuhi yote alikuwa ameketi na wajane, amejifunika leso hadi puani, na kila nilipoinua macho nilikuta ananitazama. Huyu alikuwa Mama Pilista, mke wa marehemu.

Tulitembea kwenye nyasi mpaka kelele za watu zikabaki nyuma. Akasimama.

"Wewe si wa ofisi," akasema.

"Hapana, Mama."

"Hiyo uso umetoa wapi?"

Machozi yalinitoka yenyewe.

"Yuko?"

"Yuko."

"Anatembea?"

"Kwa fimbo."

"Hata mimi," akasema, akaitazama fimbo yake. Nilitegemea aanguke, au apige nduru. Nilijiandaa kumdaka. Lakini aliyeanguka ni mimi, kwa yale aliyosema baadaye.

"Mimi nilijua, nyathina, mtoto wangu. Nilijua tangu hiyo siku. Tulikuwa tumemzika jana yake. Wanaume walileta ng'ombe hapa kwa uwanja, wanakimbiza na mikuki, wanafukuza kifo, ndiyo desturi yetu. Kelele, vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama hapa, nimenyolewa nywele. Nikaangalia huko mwisho, kwa njia ya kutoka ziwa, nikamwona. Amekonda, amesimama kwa nyasi, anashangaa nani ameingiza ng'ombe kwa uwanja wake." Alitabasamu kidogo, akaacha. "Wengine waliangalia ng'ombe. Mimi tu ndiye niliangalia huko."

"Ukafanya nini?"

Akainua mkono wake wa kulia na kuupunga kwa nguvu, kiganja nje, mara mbili, mara tatu, vile mtu anavyowafukuza ng'ombe kutoka kwenye njia ya ndege.

"Nilimfukuza," akasema. "Nilikuwa msichana. Niliogopa. Nilifikiri ni roho. Halafu akageuka kwenda, nikaona kivuli chake kinamfuata, na roho haina kivuli. Nikajua ni mume wangu mzima nimefukuza. Nikataka kuita, mdomo ukakataa. Nikasema nitamtafuta kesho. Kesho ikawa mwezi. Halafu Okelo akaletwa kwa nyumba yangu, na hapo ningesema nini?"

Jamani, nilikaa chini kwenye nyasi. Miaka hamsini mwanamke huyu ametembea kwenye uwanja huo, na kila akiufagia, kila akipeleka chakula kwa Okelo, anapita pale aliposimama. Nilimkasirikia, nisiwafiche. Baada ya muda mfupi hasira ikageuka huruma, maana naye alikuwa na miaka kumi na tisa na nywele zimenyolewa.

"Nimwambie nini?" nikauliza.

"Mwambie kwamba Okelo ni mtu mzuri. Mwambie asikuje." Kisha akanishika uso kwa mikono yake mikavu, akaupapasa wote, paji, mashavu, kidevu, akaniachilia. Alirudi kwa watu bila kugeuka.

KURUDI

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Feri ilikuwepo kwa wakati, ajabu ya maajabu, na sikufurahi. Yule mama wa ngege aliniona Luanda Kotieno Jumapili, macho yamevimba, akatikisa kichwa akaniambia, "Si nilikuambia?" Nilikula nikaondoka.

Baba alikuwa uani. Nikamsimulia kwa mpangilio, tangu Barak mpaka shuka jipya. Hakunikatiza ila mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza nyasi zina urefu gani, nikamwonyesha kwa kidole. Mara ya pili ni niliposema, "Una watoto watano huko, Baba." Akarudia, "Watano," akawahesabu kwa kile kidole kilichopinda.

Kisha akasema yake. Ile ndege haikuanguka. Ilishuka kwa shida kwenye shamba la watu upande wa pili wa ziwa, gurudumu likavunjika, kofia ilipeperuka mlangoni wakiwa bado angani. Rubani akaenda zake Nairobi kwa barabara, wala hakupeleka habari Pap. Yeye akashikwa na malaria, akalala kwa watu asiowajua, wiki tatu hajui mchana wala usiku. Alipopata nguvu akavuka kwa mtumbwi kurudi kwake. Alipofika akakuta ng'ombe wanakimbizwa, akamwona mdogo wake mbele na mkuki, amevaa koti la Baba mwenyewe, na akaelewa msiba ni wa nani.

"Na Pilista?" nikauliza. "Unajua alichofanya?"

"Nilimwona. Alifanya vizuri. Ningeingia kwa hiyo boma nimeshazikwa, nani angekula na mimi sahani moja?"

"Baba, kweli hukumchukia?"

"Nilimchukia. Halafu nikamwoa mama yako."

Nikampa ujumbe wa Mama Pilista, kwamba Okelo ni mtu mzuri na kwamba asiende. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Okelo alilia?" akauliza.

"Alilia, Baba. Mpaka akashikwa."

Hapo ndipo baba yangu alipolia. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yakipanda na kushuka. Nikamshika mkono, nikamwambia anyamaze, yameisha, wamemzika vizuri, ndani ya boma, watu walikuwa wengi, hata kuku walichinja.

"Mimi wamenizika vizuri, ndiyo," akasema. "Lakini Okelo amezeeka, Zuhura. Siku yake ikifika, mimi nitaenda matanga ya ndugu yangu kama nani?"

Naandika hii juma la pili sasa, na bado ananiuliza.